Tikisa kwanza, ndipo uiamini polinomia yako bora

Kompyuta ikinipa polinomia (jumla ya vipeo vya x, kama mstari a + bx) iliyo karibu kuliko zote na funksheni fulani, siiamini kabla sijaitikisa funksheni hiyo, yaani kuibadili kidogo na kuhesabu upya. Chukua x² kati ya 0 na 1. Mstari ulio karibu nayo kuliko yote, yaani wenye kosa kubwa kabisa lililo dogo kuliko la mistari mingine, ni x − 1/8: kosa (x² kutoa mstari) ni 1/8 pale 0, −1/8 pale 1/2, kisha 1/8 tena pale 1. Vilele hivyo vitatu, vyenye alama za kupishana, ndivyo alivyotufundisha mwanahisabati Mrusi Chebyshev kuvitafuta. Vikikosekana, rudia hesabu.

Sasa tikisa x². Ipunguze 0.01 pale 0, iongeze 0.01 kuanzia 1/2 hadi 1, na kati ya 0 na 1/2 badiliko hilo lipande kwa mstari mnyoofu. Tafuta mstari bora upya. Mimi nilipata kosa kubwa kabisa limeshuka kutoka 0.125 hadi 0.12005, lakini ncha ya kulia ya mstari imepanda kwa 0.01495. Kosa hilo halisogei kamwe kuupita mtikiso wenyewe (hapa 0.01), polinomia yaweza. (Nilivichanganya hivi viwili kwa muda mrefu.)

Gawanya 0.01495 kwa 0.01, upate 1.495. Mwanahisabati Géza Freud alithibitisha kwamba, kwa funksheni moja na digrii moja (kipeo cha juu cha x katika polinomia), uwiano huu una kikomo cha juu usichoweza kukipita, hata utikise vipi. Ukibadili funksheni kikomo nacho hubadilika, basi usiazime cha jana.