Somo: Kununua nyumba chakavu Moshi na kuikarabati bila kuishiwa katikati

Wanachama wenzangu, salaam. Wiki hizi nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: nina akiba kidogo, nimeonyeshwa nyumba ya zamani Pasua au Njoro, bei nzuri, je niichukue? Mimi nilinunua ya namna hiyo mwaka 2017 na ninakaa humo mpaka leo. Kosa langu lilikuwa moja. Nilihangaika na fedha ya kununulia, ya kukarabatia nikaiachia Mungu. Masika mawili watoto wamelala chini ya turubai. Ndiyo maana nasisitiza: usitoe hata shilingi ya nyumba kabla hujajua fedha ya paa inatoka wapi.

Hatua ya 1: Fundi apande darini kabla hujataja bei

Tafuta fundi seremala asiyejuana na dalali, umlipe siku yake. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini ukizitazama kwa chini ni imara, kuta ni za mawe au tofali za kuchoma. Ugonjwa uko juu. Fundi wangu alichukua bisibisi akaisukuma kwenye kenchi iliyopakwa oili chafu, nyeusi, inayoonekana nzima kabisa. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa ukamwagika unga kama wa muhogo, mchwa walikuwa wamekula moyo wa mbao wakaacha ganda.

Akaniandikia makadirio palepale: mbao, bati, misumari, ufundi. Nilimwonyesha muuzaji karatasi ile, akashusha milioni nne bila ugomvi. Karatasi nilikuwa nayo. Fedha ya kuitekeleza ndiyo sikuwa nayo.

Ukiweza, iangalie nyumba mwezi wa nne, mvua ikiwa inanyesha. Rangi mpya haiwezi kuficha ukuta unaotoa maji.

Hatua ya 2: Karatasi

Kama nyumba ina hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue mmiliki ni nani na kama imewekwa rehani. Uliza deni la pango la ardhi, la maji na la umeme. Kama muuzaji ana mke au mume, mwenza aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia, na wanunuzi wengi wameishia mahakamani kwa kupuuza hilo. Mkataba uandikwe na wakili wako, si wa dalali.

Hatua ya 3: Mifuko miwili, isichanganywe

Andika mfuko wa kwanza: bei, wakili, mthamini, ushuru wa stempu, ada za uhamisho. Mfuko wa pili: makadirio ya fundi, kisha ongeza robo yake, maana ukibomoa lipu ya zamani hukosi kukuta jambo. Ikiwa makadirio ni milioni 12, weka 15. Ukishindwa kuijaza mifuko yote miwili, hata ukipungukiwa mmoja tu, nyumba hiyo ni ghali kwako hata kama dalali anasema ni ya bure. Punguza bei au achana nayo.

Hatua ya 4: Mkopo gani kwa mfuko gani

Mkopo wa nyumba wa benki, wa miaka mingi na wenye hati kama dhamana, unafaa mfuko wa kwanza. Benki haitoi thamani yote, lazima na wewe uchangie. Mfuko wa pili unaweza kutoka SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ambako wengi hukopa mara kadhaa ya akiba walizoweka.

Hapa naomba mnisome polepole. Uliza riba inapigwaje, si asilimia tu. Chukua milioni 10, asilimia 18 kwa mwaka, miaka 3. Riba isiyopungua inahesabiwa juu ya milioni 10 zote mpaka mwisho: riba ni 5,400,000, rejesho kama 428,000 kwa mwezi. Riba inayopungua inahesabiwa juu ya deni lililobaki: rejesho kama 361,500, riba yote kama 3,015,000. Asilimia ni ileile, tofauti inakaribia milioni 2.4. Hiyo ni fedha ya bati. Mimi nilisaini ile ya kwanza kwa sababu nilitazama asilimia peke yake.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kazi

Paa, maji ya mvua yaende mbali na msingi, shimo la choo, waya za umeme. Jipsamu, vigae na rangi vije mwisho. Fundi alipwe kwa kazi iliyokwisha, vifaa nunua mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtumishi na mshahara tayari una makato. Benki itanipa mikopo yote miwili, wa kununua na wa kukarabati?*

Marahaba mwanangu. Makato yakiwa yamefika mahali unabakiwa na theluthi moja ya mshahara, hakuna nafasi ya mkopo mpya. Maliza mmoja kwanza. Na benki ikikubali kukupa ya ukarabati, uliza kama inatoka kwa awamu. Ikiwa hivyo, huenda awamu ya kwanza ya kazi ukaianza kwa fedha yako.

*Nyumba ni ya marehemu baba yao, kaka mkubwa ndiye anauza.*

Ukubwa haumpi mamlaka ya kuuza. Aonyeshe barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na warithi wote wasaini. Asipokuwa nayo, hata fedha ya kishika uchumba usitoe.

*Niko Ngarenaro, Arusha. Nyumba haina hati, kuna mkataba wa serikali ya mtaa tu.*

Dada, usitegemee mkopo wa nyumba wa benki kwa karatasi hiyo. Panga kununua kwa akiba au SACCOS, na gharama ya kupima na kupata hati iingie mfuko wa kwanza. Majirani wa mipaka yote wawe mashahidi.

*Na nyumba ya babu iliyo kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, ndugu wakitaka kuniuzia?*

Kihamba kina ukoo nyuma yake, na makaburi. Kaa na wazee kwanza, wote.

*Nina milioni sita tu za ukarabati. Nianze na jiko au paa?*

Paa. Mama, pima urefu na upana wa nyumba kwa nje, hesabu kenchi zilizooza, uniletee kikaoni Jumamosi. Tutahesabu bati pamoja, tuone kama sita inatosha au uombe bei ishuke.