Sinki la bafuni linadondosha chini: anza na tishu kavu

Nina nyumba ya wapangaji Tabata Kimanga, vyumba vinne, kila kimoja na bafu lake na sinki dogo la kunawia. Mwaka jana mpangaji wa chumba cha pili alinigongea alfajiri: "Shikamoo mama. Beseni limejaa tena." Fundi alikuwa ameshakuja mara mbili, na mara zote mbili alipaka silikoni kwa nje kuzunguka nati, akachukua hela yake, akaenda. Silikoni ikipakwa juu ya bomba lililolowa haishiki. Inakaa pale kama kofia, na maji yanapita chini yake. Siku hiyo nilipiga magoti mwenyewe, na tangu hapo masinki yote manne nayatengeneza mimi.

Kabla hujashika spana, jua maji yanatoka wapi. Chini ya sinki kuna maji yanayokuja na maji yanayokwenda. Yanayokuja yana presha ya tangi muda wote, kwa hiyo yakivuja yatadondosha usiku kucha hata kama hakuna aliyenawa. Yanayokwenda huvuja pale tu mtu anapolitumia sinki. Basi futa kila kitu kwa kitambaa mpaka kikauke, weka beseni kavu, na waombe wa nyumbani wasiguse sinki kwa saa moja. Ukikuta maji kwenye beseni, shida iko kwenye mpira unaoleta maji au kwenye koki ya ukutani. Funga koki hiyo kwanza. Matengenezo yake ni mengine. Beseni likibaki kavu, twende pamoja.

Sasa chukua tishu. Zungushia kipande kwenye kila maungio: nati kubwa ya juu inayogusa sinki kwa chini, pale trapu (kile kipande cha bomba la maji machafu kinachobakiza maji) inapoungana na bomba fupi linaloshuka, kikombe cha trapu, na bomba linaloingia ukutani. Ziba tundu la sinki, jaza maji hadi nusu, subiri dakika 10 huku ukimulika kwa tochi ya simu. Tishu ya juu ikilowa wakati maji bado yamezibwa, mpira ulio kati ya sinki na ile nati kubwa umechoka. Ikibaki kavu, zibua, maji yote yashuke kwa mkupuo, kisha tazama ni tishu ipi inaanza kulowa. Anzia juu kwenda chini. Maji hutambaa kwenye bomba na kudondokea sehemu ya chini kabisa, ndiyo maana watu hukaza kikombe ambacho hakina kosa lolote. Kile chumba cha pili, kikombe kilikuwa kimekazwa mpaka kimepata ufa, na kumbe maji yalikuwa yanatoka juu yake.

Ukishapata mahali, weka beseni chini na ufungue. Kikombe cha trapu huwa kina maji muda wote, na yamewekwa yakae pale: ndiyo yanayozuia harufu ya shimo na mende wasipande. Kama ulimwaga dawa ya kuzibulia mabomba siku hizo, usifungue kabla hujapitisha maji mengi, na vaa glavu. Dawa zile zinaunguza ngozi na macho. Nati nyingi za plastiki hufunguka kwa mkono. Ikigoma, ifunge kitambaa kisha tumia plaizi taratibu.

Ndani utakuta nywele na utelezi wa sabuni. Safisha vyote. Halafu itazame washa, yaani ile pete ya mpira iliyo ndani ya nati, kwenye mwanga wa dirisha. Washa nzima hurudi ukiiminya. Iliyokufa ni ngumu, imelala bapa, au ina mkato mdogo ambao usipoukunja mpira hutauona. Sisi hapa tunatumia kisima, na maji yake yanaacha magamba meupe kwenye nyuzi za nati. Hayo peke yake yanatosha kuzuia washa isikae sawa. Yasugue kwa mswaki wa zamani na siki mpaka nyuzi zionekane.

Nenda na washa ya zamani dukani. Usiende kusema tu "nipe washa ya sinki". Trapu ya sinki la kunawia mara nyingi ni ya inchi 1¼, yaani milimita 32. Ya jikoni ni inchi 1½, milimita 40, na ukiwa umesimama kaunta zinafanana sana. Bei yake haifiki nauli ya bodaboda kutoka Tabata hadi Kariakoo, kwa hiyo nunua mbili.

Kama washa ina upande mwembamba na upande mpana, mwembamba unaingia ndani ya maungio na mpana unatazama nati. Ukiigeuza, itavuja hata ukaze namna gani. Na ile tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi haisaidii hapa. Kwenye nati ya trapu nyuzi zinafanya kazi ya kubana tu. Anayezuia maji ni mpira. Kaza kwa mkono mpaka ugome, ongeza robo ya mzunguko, acha. Plastiki ikizidishiwa nguvu inapasuka.

Nati kubwa ya juu ndiyo yenye kazi. Toa trapu yote. Mwombe mtu ashikilie ile pete ya chuma iliyo kwenye tundu la sinki kwa juu isizunguke, wewe ulegeze nati kwa spana chini. Kwangua silikoni yote ya zamani, osha, kisha uache mpaka pakauke kabisa. Mimi huwasha feni na kwenda kupika. Sinki lenye tundu la pembeni la kupunguzia maji yakizidi huwa na mianya kwenye lile bomba fupi, na maji hupita humo yakafuata nyuzi hadi chini ya nati. Kwa hiyo weka mpira mpya, na paka silikoni kwenye nyuzi na juu ya mpira, upande unaogusa sinki. Kaza, futa iliyotokeza, na usitumie sinki kwa saa 24. Silikoni ya kawaida inanuka kama siki ikiwa bado haijakauka ndani, hata kama juu inaonekana kavu.

Beseni la kukingia limwage kila siku. Dar ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika vyombo vya nyumbani. Chini ya sinki pana giza na ni rahisi kupasahau wiki nzima.

Sinki lenyewe likiwa na ufa, au bomba likiwa limekatikia ndani ya ukuta, mwite fundi, na umwonyeshe tishu iliyolowa kabla hajafungua silikoni yake. Vinginevyo rudia jaribio la kujaza na kuzibua mara mbili, acha tishu mpya kwenye maungio yote usiku kucha huku sinki likitumika kama kawaida, na uzikague asubuhi moja moja kwa vidole. Chumba cha pili zilikuwa kavu zote nne, ndipo nikaondoa beseni.