Msimbo unaofanana si lazima uunganishwe

Mistari kumi ya msimbo wa programu inayofanana, ya kuchapa risiti na ya kuchapa ankara, haithibitishi kwamba ni kitu kimoja. Jiulize: sharti likibadilika, zote mbili zitabadilika pamoja? Kiwango cha VAT, ndiyo, kikae mahali pamoja. Kenya ilikishusha kutoka 16% hadi 14% Aprili 2020, kikarudi 16% Januari 2021. Aliyekiandika katika kila faili alikuwa na kazi mara mbili. Mpangilio wa mistari ya risiti? Uache ujirudie.

Dalili ya kuunganisha mapema mno ni funksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) yenye vigezo vya ndiyo/hapana, mfano `onyeshaPunguzo` na `ondoaSenti`. Vitatu tu vinazaa njia 8, na ni nadra majaribio kuzipitia zote.

Kuitengua funksheni hiyo si kazi kubwa. Nakili mwili wa funksheni kila inapoitwa, badilisha vigezo kwa thamani halisi za pale, futa matawi yasiyofikiwa kamwe, endesha majaribio. Sehemu moja, komiti moja (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia ya msimbo), ili ukiharibu ujue wapi. Isipobaki inayoiita, ifute. Ndipo utafute upya kinachofanana kweli. Mara nyingi ni mistari miwili mitatu.