Jina, Dai na Bango: Kundi la Harakati Lijitambulishe Lenyewe

Wapiganaji wa msituni nchini Kenya miaka ya 1950 walikula kiapo kwa ajili ya ithaka na wĩathi, ardhi na uhuru, wakajiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Serikali ya kikoloni ikaeneza jina Mau Mau, ambalo halisemi lolote kuhusu ardhi. Ikalipiga marufuku kundi hilo mwaka 1950, na marufuku hiyo ikabaki katika sheria zetu hadi 2003. Kundi lolote la Nairobi linalotaka kusema kwa ukali kuhusu ubaguzi wa rangi, mashamba yaliyoporwa na wakoloni, au watu weusi wanaouawa na polisi hapa na ng'ambo, lianzie hapo. Msipojiita, mtaitwa.

Jina na alama

Jina liwe na maneno mawili hadi manne, na mojawapo liwe ndilo dai. Lijaribuni barabarani: mtajieni makanga wa matatu jina hilo mara moja, kisha mwulizeni anadhani mnataka nini. Akikosea, jina limeshindwa.

Alama iwe kitu ambacho mtoto anaweza kuchora kwa mkaa ukutani. Chui mweusi wa Black Panther, chama cha kutetea Wamarekani weusi, alitoka Lowndes, Alabama, ambako chama cha wapiga kura weusi kilimtumia mwaka 1966 kwa sababu kila chama kilihitaji picha kwenye karatasi ya kura, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Wakenya tunalijua jambo hili: kura ya maoni ya 2005 ilikuwa ndizi na chungwa, na chungwa likazaa chama.

Madai

Huey Newton na Bobby Seale walipoanzisha Black Panther mjini Oakland, Oktoba 1966, waliandika mambo kumi: ajira, makazi, elimu, kukomesha ukatili wa polisi na mengine. Kila jambo lilifuatwa na sababu yake. Ninyi andikeni matano yasiyozidi ukurasa mmoja wa A4. Kila dai litaje nani afanye, afanye nini, na kufikia lini. "Tunataka haki" halina wa kulijibu. Wazee wa Mau Mau waliofungua kesi London mwaka 2009 walikuwa watano tu, lakini walisema waziwazi waliteswa vipi na nani alaumiwe. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Dai lilenge mfumo, sheria au ofisi, kamwe lisilenge kabila wala rangi ya mtu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Hata bila sheria hiyo, bango moja la chuki hufuta kazi ya miezi.

Mavazi, na swali la silaha

Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wapatao 30 wa Black Panther waliingia bunge la California, Sacramento, wakiwa na bunduki, kupinga mswada wa kuzuia silaha zilizojaa risasi hadharani. Seale alisoma taarifa ndefu. Magazeti yalichukua bunduki, yakaacha maneno. Mswada ukapita, na gavana Reagan akautia saini mwaka huohuo. Picha kali hula ujumbe usiokuwa ndani ya picha yenyewe. Januari 1969 chama hichohicho kilianza kuwapa watoto kifungua kinywa bure kanisani Oakland, na pale sahani ya chakula ilikuwa ndiyo dai.

Kwetu Katiba, kifungu cha 37, inalinda maandamano ya amani bila silaha. Rungu na panga vibaki nyumbani, na msivae chochote kinachofanana na sare ya jeshi. Chagueni kitu kimoja cha bei nafuu, kwa mfano shati jeusi la soko la Gikomba, ili aliyejiunga leo afanane na mwanzilishi.

Bango la kitambaa

Hapa ndipo makundi mengi huharibu, kwa sababu bango huandikwa usiku wa kuamkia maandamano.

Nunueni kitambaa cha pamba cha merikani, mita 3 kwa 1. Kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi husomeka vizuri kutoka mita 3 hivi, kwa hiyo herufi za sentimita 25 zitamfikia mpiga picha aliye mita 30 mbele. Mstari wa herufi uwe na unene wa sentimita 5. Kwa kipimo hicho mnapata mistari miwili, kila mmoja herufi 12 pamoja na nafasi. Kiswahili kina maneno marefu, basi hesabuni kabla ya kupaka. WAHUSIKA WAWAJIBISHWE inaenea kwa shida, na haijulikani nani anaambiwa. TAJENI WALIOUA inaenea, tena ina anayeamriwa.

Pigeni mistari kwa uzi na chaki, chora herufi kwa penseli, kisha anzeni kupaka kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianzia kushoto, herufi za mwisho zitabanana. Tandikeni nailoni chini. Gazeti hunata kwenye rangi. Tumieni emalshoni (rangi ya maji ya ukutani) nyeusi isiyotiwa maji mengi, maana ikiwa nyepesi husambaa kwenye nyuzi na kingo hupotea. Rangi ya mafuta huchelewa kukauka na hupasuka bango likikunjwa. Emory Douglas, mchoraji wa gazeti la Black Panther, alitumia mistari minene myeusi na mara nyingi rangi moja tu ya ziada, kwani uchapishaji ulikuwa ghali. Igeni: nyeusi, na nyekundu kwa neno moja. Acheni likauke usiku kucha, kisha shoneni mifuko ya miti pembeni.

Taarifa kwa polisi

Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo apewe taarifa siku 3 hadi 14 kabla. Andikeni jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, njia mtakayopita, na saa, ambazo ziwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Pelekeni nakala mbili, yenu ipigwe muhuri. Hii ni taarifa, si ombi la ruhusa, na barua isomeke hivyo.

Msemaji

Wawe wawili, mmoja wao mwanamke, na wengine wote wakiulizwa na wanahabari wajibu, "Msemaji wetu yuko pale." Kila msemaji ajifunze kulitaja dai kwa sekunde 15, kwa Kiswahili kwanza, akisimama bango likiwa nyuma yake.

FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilituma barua za kughushi ili kuwagombanisha Black Panther na makundi mengine. Leo inatosha bango bandia kwenye WhatsApp. Kila taarifa yenu ipewe namba na tarehe, itoke kwenye ukurasa mmoja tu. Ya bandia ikitokea, ijibuni ndani ya saa moja kwa namba ya taarifa halisi, bila kuisambaza picha ile tena.