Pistoni za Canter 4D33: namna ya kuzibadilisha bajeti ikiwa ndogo

Wakuu, kama una Canter yenye injini ya dizeli ya 4D33 imeanza kutoa moshi wa bluu, asubuhi inasumbua kuwaka na ukifungua kifuniko cha oili inapuliza kama mtu anahema, usikimbilie maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kununua pistoni. Hela inapotea hapo hapo, kwenye kununua kabla ya kupima. Canter ya jirani yangu iliwekewa pistoni nne mpya na ringi mpya ndani ya laina (bomba za silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka) zilizolika, fundi alipitisha kidole tu akasema ziko poa, wiki ya tatu gari inakula oili vilevile na mwenyewe akiba yote imeisha. Iliniuma sana maana vipimo vyenyewe havitaki mashine ya gharama.

Kufungua sitakaa sana. Mwaga maji na oili, toa silinda hedi, shusha sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kama laina zinabaki na kranki haina shida, pistoni zinatoka kwa juu injini ikiwa kwenye chesisi, umeshaokoa hela ya kuishusha. Kabla hujalegeza konrodi, ule mkono unaounga pistoni na kranki, angalia namba kwenye konrodi na kofia yake, kama hazionekani piga alama kwa senta panchi, maana kofia ya namba 2 ikienda kufungwa kwenye konrodi ya namba 3, au ikageuzwa upande, beringi haidumu. Kwangua kaboni iliyoganda juu ya silinda, vika boliti za konrodi vipande vya mpira wa dizeli zisikwaruze kranki, halafu sukuma pistoni juu kwa mpini wa mbao wa nyundo.

Pistoni ya zamani usiitupe, isome kwanza. Iliyotoboka au kuyeyuka juu mara nyingi nozeli, ile inayoingiza dizeli kwenye silinda, ilikuwa inamwaga dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu. Yenye mikwaruzo ya wima ubavuni ilipata joto kupita kiasi au oili haikuifikia, kwa hiyo angalia rejeta na pampu ya oili. Ringi zikilika mpaka zikawa kali kama wembe, hapo ni vumbi, kagua ule mpira wa hewa unaotoka kwenye eya klina, ufa mdogo tu unatosha kuua injini nzima kwenye barabara zetu za vumbi. Ukiweka pistoni mpya na chanzo bado kipo, utaenda kununua tena.

Sasa kupima. Chukua ringi moja mpya ya juu, iingize kwenye silinda ikiwa peke yake, isawazishe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, pima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) pale juu ambapo ringi hufika, halafu ishushe mpaka chini kabisa ambako hapaliki upime tena. Tofauti ya hiyo mianya gawa kwa 3.14. Mfano juu umepata 0.95 mm na chini 0.45, tofauti ni 0.50, ukigawa ni karibu 0.16 mm, yaani ndo kipenyo kilivyopanuka. Silinda ya 4D33 ni 108 mm, na mi nikishafika kwenye 0.15 au 0.2 naachana na habari ya kubadilisha ringi tu, naenda kwenye laina. Laina zake ni kavu, zinaingia kwa kubanwa, hiyo wape wenye presi na usipige kwa nyundo. Ulizia bei ya seti nzima yenye laina, pistoni, pini (inayoshika pistoni kwenye konrodi) na ringi, linganisha na kununua kimoja kimoja kabla hujatoa hela.

Kama laina ni nzima, zihoni, yaani zikwaruze kwa mawe ya kuhoni, upate ile michoro inayokatizana, halafu osha kwa maji ya moto na sabuni, sio petroli, futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, kisha paka oili hapo hapo kabla kutu haijaanza. Watu wengi wanaruka hii na ule unga wa jiwe unabaki unasaga ringi mpya.

Pini isigongwe kwenye pistoni ya baridi. Chemsha pistoni kwenye sufuria ya maji, ikishapata moto pini inaingia kwa mkono, saklipu mpya pande zote mbili. Pima uzito pistoni zote nne, zisitofautiane zaidi ya gramu 5 hivi. Alama ya mbele ielekee mbele ya injini, mianya ya ringi itawanye, usiipange mstari mmoja wala usiielekeze kwenye pini, paka oili, bana ringi kwa kibanio na ushushe taratibu, ikigoma simama uangalie, usiongeze nguvu.

Ukitaka kubana matumizi osha vyuma mwenyewe, funga vifuniko mwenyewe, rudisha konrodi zilezile kama zimenyooka. Ila beringi za konrodi, gasketi ya hedi na kupimisha nozeli usipunguze hata shilingi. Boliti kaza kwa toki renchi, spana inayoonyesha nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo, na kila ukikaza konrodi moja zungusha kranki kwa mkono, ikiwa nzito ghafla fungua hiyo ya mwisho.

Kuwasha, kwanza zungusha kwa starta dizeli ikiwa imefungwa mpaka taa ya oili izime. Ikiwaka usiiache sailensa (inaunguruma gari imesimama) masaa, iendeshe, ipe mzigo nusu, panda na ushuke mwendo ringi zikae vizuri. Kwenye kilomita 500 mwaga oili, pasua filta uitandaze juani, ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa shusha sampo siku hiyohiyo kabla hujapakia tena.