Paka wa ndani anakojoa nje ya beseni: anzia hapa

"Dokta, huyu paka ananifanyia makusudi." Simu nyingi za paka ninazopokea hapa Mtwara huanza hivyo, na mwenye simu mara nyingi ameshamkandamiza paka pua kwenye mkojo na kumcharaza kandambili. Kipigo kinamfundisha kukuogopa tu; kesho atakojoa mahali usipomwona, nyuma ya kabati. Paka akiliacha beseni lake la mchanga la kujisaidia, ama mwili unamuuma, ama beseni lenyewe halimfai, ama kuna kitu kinamkosesha raha. Fuata mpangilio huu huu. Ukianza na beseni wakati kibofu kinaumwa, utanunua mabeseni na paka atakufa.

Hatua ya 1: Mtazame anavyokojoa

Paka aliyebanwa na haja huchuchumaa na kumwaga mkojo mwingi chini: mkekani, kitandani, sakafuni. Anayeweka alama ya eneo lake husimama, mkia juu ukitetemeka, akarusha mkojo kidogo nyuma yake. Kama hujamkuta akifanya, angalia doa. La alama huanzia ukutani au kwenye pazia, shibiri moja au zaidi kutoka sakafuni, kisha hutiririka chini.

Hatua ya 2: Ondoa shaka ya ugonjwa

Hapa usiwe na haraka ya kupita, hasa kama paka wako ni dume.

Anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anajikamua, anatoka, anarudi tena baada ya dakika chache. Ukichungulia unakuta mchanga mkavu, au matone mawili matatu, pengine yenye damu. Analia kwa sauti nzito na kujilamba nyuma kila wakati. Watu wengi hudhani amefunga choo na kumnywesha mafuta ya kula. Mshike tumbo taratibu, karibu na miguu ya nyuma: ukigusa kitu kigumu cha mviringo kama limau, usikiminye, maana kibofu kinaweza kupasuka. Njia ya mkojo imeziba. Uchafu uliopaswa kutoka unarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unadhoofika, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ni safari ya kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Jike njia yake ni pana zaidi, huziba kwa nadra, lakini naye huumwa kibofu.

Usimpe Panadol wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu. Ini la paka haliwezi kuimudu, na kidonge kimoja cha Panadol kinatosha kumuua.

Paka mzee anayekunywa maji sana na kukojoa sana, fikiria figo au kisukari. Ili daktari apate mkojo wa kupima, osha beseni, likaushe, uliache tupu bila mchanga. Akikojoa, vuta mkojo kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano na uupeleke ndani ya saa chache.

Halafu chakula. Paka wa huku wengi wanakula dagaa wakavu na ugali, na hawanywi maji ya kutosha kwa joto letu. Mkojo ukiwa mzito, kibofu kinachubuka na chembe za mawe zinajijenga. Loweka dagaa, mwaga maji ya kwanza yatoke na chumvi, kisha mpe wakiwa na supu yao isiyotiwa chumvi wala kitunguu.

Hatua ya 3: Rekebisha beseni na mchanga

Paka mmoja, mabeseni mawili. Paka wawili, matatu, yasipangwe sehemu moja. Beseni la kufulia la plastiki linafaa kabisa, mradi urefu wake ufike mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia. Kwa mzee au anayechechemea, kata ukingo upande mmoja. Liweke mbali na jenereta, na jiko, na bakuli la chakula.

Mchanga ndio unaowashinda wengi. Wakazi wa Shangani na Mikindani huchota wa ufukweni kwa sababu uko mlangoni. Una vipande vya kombe vinavyochoma nyayo, na chumvi yake huvuta unyevu, kwa hiyo beseni halikauki. Ukiutumia, uchekeche, usuuze kwa maji baridi mara kadhaa, uanike juani. Mchanga wa mto uliochekechwa ni bora zaidi. Weka kina cha sentimita 5 hivi. Maranda ya fundi seremala yanafaa kama ni makavu na mbao hazikupakwa dawa.

Majivu usitumie: yakilowa yanaunguza nyayo. Na maganda ya korosho, ambayo msimu ukifika yamejaa kila kona, yasikaribie kabisa beseni hata kama yametwangwa. Mafuta yake ndiyo yale yanayowachubua vidole wabanguaji. Fikiria paka anayeyakanyaga halafu anajilamba.

Zoa uchafu asubuhi na jioni. Kila wiki mwaga mchanga wote, osha kwa sabuni isiyo na manukato. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji ziache, nyingi zina fenoli, ambayo ni sumu kwa paka. Mjamzito asizoe yeye. Vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huiva kwenye kinyesi ndani ya siku 1 hadi 5, ndiyo maana kuzoa kila siku kunasaidia nyumba nzima.

Hatua ya 4: Ua harufu

Jiki hapana. Ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma kifua, na harufu yake huwavuta baadhi ya paka warudi palepale. Kausha kwa kitambaa, mwagia maji, osha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzaimu) kama unaipata, kisha siki na maji nusu kwa nusu. Sakafu ya terazo ipite bila siki, itapoteza mng'ao. Godoro likamue na ulianike jua kali pande zote mbili. Usipofanya kazi hiyo vizuri, mvua za Desemba zitakuonyesha: unyevu ukipanda, harufu ya zamani inafufuka, nawe utamlaumu paka kwa mkojo wa Agosti.

Hatua ya 5: Kama ni alama

Mhasi. Dume akihasiwa, mara nyingi tabia hii hupungua sana au huisha, hasa ikifanyika mapema, lakini mpe wiki kadhaa. Majike pia huweka alama wakiwa kwenye joto, yaani wanapotaka dume.

Aliyekwisha kuhasiwa na bado anarusha, kagua dirisha. Mara nyingi paka shume wa mtaani hupita barazani usiku, anasimama nje ya wavu wa mbu, na wa ndani anajibu kwa kulowesha pazia. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa boksi, na usimwage vichwa vya samaki uani.

Hatua ya 6: Mrudishe kwenye mazoea

Mtengee chumba kimoja chenye beseni upande mmoja, maji, chakula na pa kulala upande mwingine, kwa siku chache hadi awe anatumia beseni bila kukosa. Kisha mfungulie nyumba kidogo kidogo. Mahali alipozoea kukojoa, weka bakuli lake la chakula, kwa kuwa paka hapendi kukojoa mahali anapokula. Zikipita wiki mbili bila nafuu, rudi hatua ya 2 na upeleke mkojo ukapimwe, hata kama anaonekana mzima.