Kurekebisha Upinde Uliobaki Umepinda Baada ya Kuvuliwa Ugwe

Upinde mrefu wa mti uliochongwa kwa mkono ukianza kubaki umepinda kuelekea kwa mpigaji hata baada ya kuvuliwa ugwe, maana yake ni kwamba nyuzi za mti za upande wa tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji, zimegandamizwa kupita uwezo wake. Joto linaweza kuirudisha mikono ya upinde, yaani sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya mshikio, katika umbo lake, lakini haliziponyi nyuzi zilizokwisha kupondeka. Kwa hiyo nasisitiza kwamba chanzo kitafutwe kabla ya kuwasha moto wowote.

Bana mgongo wa upinde, yaani upande unaoelekea shabaha, kwenye mshikio, dhidi ya ubao ulionyooka, kisha pima umbali kati ya ubao na kila ncha. Pima mara tu unapouvua ugwe, na upime tena kesho yake, kwa kuwa sehemu ya mpindo hurudi yenyewe. Mpindo wa sentimita 2 au 3 ni wa kawaida na ni afadhali uachwe ulivyo.

Ukizidi hapo, angalia umekaa wapi. Mpindo uliojikusanya mahali pamoja huonyesha kwamba sehemu hiyo inabeba kazi ya jirani zake, na dawa yake ni kukwangua zile sehemu ngumu zilizo kando, si kuigusa ile dhaifu. Ukiona mistari myembamba iliyokata nyuzi kwa upana tumboni, usiendelee, kwa sababu mti umeshavunjika kwa ndani. Kama mti ulikuwa na unyevu, ukaushe polepole mahali penye hewa, ukiupima uzito kila siku hadi usipungue tena.

Ndipo ufunge upinde juu ya kalibu iliyopinda kuelekea upande wa mgongo kwa sentimita 4 au 5 hivi kwenye ncha, baada ya kuondoa vanishi yote. Pasha tumbo peke yake kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto, ukisogea taratibu hadi rangi igeuke kahawia bila kuungua, na uache mgongo ubaki na ubaridi kadiri iwezekanavyo, kwa maana ndio unaovutika na ukikauka mno hukatika. Upinde uliogundishwa tabaka la mgongoni usipashwe hivi, kwani gundi nyingi hulegea kwa joto.

Uache kwenye kalibu hadi upoe kabisa, kisha ukae wiki nzima bila kupindwa ili urudishe unyevu wa hewani. Haraka ya hatua hii ndiyo inayovunja pinde nyingi. Baada ya hapo utaukuta mgumu kuliko awali, hivyo anza kwa mivuto mifupi, ukilinganisha mikono yote miwili na kukwangua kidogo kidogo, na usiuvute hata mara moja kupita uzito wa mvuto, yaani nguvu ya kuuvuta, uliokusudia.